Suheli (Canopus): hili jitu jeupe linaelekea kwenye wekundu au ndio linatoka huko?

Mkaapwani #1
Wakuu habari zenu. Ile nyota kubwa ya upande wa kusini, ya pili kwa kung'aa anga zima baada ya Sirius, wazee wetu wa pwani wanaiita Suheli, kimataifa inajulikana kama Canopus. Sasa kwenye grupu letu kumewaka moto, mmoja anasema hiyo nyota imeshakufa zamani tunaona mwanga uliobaki tu, mwingine anasema bado changa kwa sababu ni nyeupe na nyota zikizeeka huwa nyekundu. Msimamo wangu ni kwamba wote hawajafika. Suheli ni jitu jeupe, yaani nyota iliyovimba sana, imeshamaliza hidrojeni kwenye kiini, kwa hiyo kimaisha ni mzee hata kama rangi haionyeshi. Kinachonisumbua ni hiki: iko njiani kwenda kuwa jitu jekundu, au ilishakuwa jekundu ikarudi kuwa nyeupe? Nimekuta maelezo ya pande zote mbili na kila upande una hoja. Wajuzi tiririkeni.

Kichwa_Maji #2
Nimekaa mkao wa kula.

Mwl_Fizikia #3
Swali zuri mkuu, na hata wenye darubini za Chile hawajalifunga. Tuanze na vipimo tusipige porojo. Umbali ni kama miaka ya nuru 310. Upana wake ni zaidi ya mara 70 ya Jua. Ukiiweka pale Jua lilipo, uso wake unafika karibu na njia ya sayari ya Zebaki, yaani kama kilomita milioni 50 kutoka katikati. Uzito wanaukadiria kati ya mara 8 na 10 ya Jua. Joto la uso linazunguka kwenye 7,400 Kelvin hivi, Jua letu ni 5,772.

Kwa wanaopenda hesabu: mwanga wa nyota unapanda kwa mraba wa upana na kwa kipeo cha nne cha joto. Chukua upana 73, mraba wake 5,329. Gawanya 7,400 kwa 5,772 halafu pandisha kwa kipeo cha nne, unapata kama 2.7. Zidisha, unafika kama mara 14,000 za mwanga wa Jua. Nyota ya namna hiyo haiwezi kuwa changa aisee, nyota yenye uzito huo ikiwa bado inachoma hidrojeni kiinini inakuwa ndogo zaidi na ya buluu, joto la uso linapita 20,000. Hii imeshavimba na kupoa. Kwa hiyo nakubaliana na #1, ni mzee.

Ngosha_Ziwani #4
Mwalimu hapo kwenye umbali nina shaka. Nina kitabu cha zamani kimeandika miaka ya nuru 1,200 na kinasema Canopus ni moja ya nyota zenye nguvu kuliko zote kwenye Njia Nyeupe. 310 na 1,200 ni tofauti kubwa mno, tumwamini nani?

Fundi_Darubini #5
@Ngosha_Ziwani hicho kitabu ni cha kabla ya 1997, nina uhakika hata bila kukiona. Kabla ya satelaiti ya Hipparcos umbali wa Canopus ulikuwa ni makisio matupu, wapo walioandika chini ya 100 na wapo walioandika 1,200. Sababu ni kwamba umbali unapimwa kwa kuangalia nyota inavyoonekana kusogea kidogo tunapolizunguka Jua, na kwa Canopus huo msogeo ni mdogo sana, kupima ukiwa chini ya hewa yetu kosa la kipimo linalingana na kipimo chenyewe. Hipparcos ilirushwa 1989, ikapimia juu huko ambako hewa haisumbui, na orodha yake ilipotoka 1997 ndio tukapata 310.

Na umbali ukikosea kila kitu kinakosea. Ungekuwa 1,200, mwanga halisi ungepanda kama mara 15 na tungekuwa tunajadili nyota ya aina nyingine kabisa, sio jitu, ni jitu kuu lenyewe.

Binti_Tanga #6
Samahani wataalam, hili la kusema imekufa mmeliruka. Ni kweli au si kweli?

Mwl_Fizikia #7
Si kweli dada. Mwanga tunaouona leo ulitoka pale miaka 310 iliyopita. Kwa nyota inayohesabu umri wake kwa mamilioni ya miaka, 310 ni muda mfupi sana. Mabadiliko ya hatua aliyopo yanachukua makumi ya maelfu ya miaka au zaidi. Hivyo ilivyokuwa wakati ule ndivyo ilivyo sasa hivi.

Mvita_Kongwe #8
Miaka 310 nyuma hapa Mombasa, Ngome Kongwe (Fort Jesus) ilikuwa mikononi mwa Waomani. Mreno alitolewa 1698 na akarudi kidogo tu 1728. Mwanga uliotoka Suheli wakati ule ndio waingia machoni mwetu mwaka huu. Mimi jambo hili hunipa raha sana, na nimewapeleka watoto baraza ya ngome kuwaonyesha.

MaskatiMzanzibari #9
Mashaallah uzi mzuri. Mie niko Maskati huku. Suheli huku ni habari kubwa, mwishoni mwa Agosti inapochomoza alfajiri kwa mara ya kwanza baada ya kupotea, watu wanatumiana salamu kwamba joto limevunjika. Joto lenyewe halivunjiki siku hiyo hiyo ila usiku unaanza kupata nafuu na mchana unafupika. Kwetu Unguja nyota hiyo hiyo ipo juu mno, huku inapita chini chini juu ya milima, ikiwa kusini kabisa haivuki nyuzi 14 kutoka upeo. Kwa vile iko chini inawaka rangi zote, nyekundu, kijani, buluu, kama hujui utadhani ndege. Mtu wa huku ukimwambia Suheli ni nyeupe atakubishia.

Fundi_Darubini #10
@MaskatiMzanzibari hizo rangi ni kazi ya hewa. Nyota ikiwa chini mwanga unapita kwenye hewa nene na kila rangi inapindwa kivyake. Mtu aitazame akiwa Dar, inafika nyuzi 44 juu, au Kilwa zaidi ya 46, aone nyeupe iliyotulia. Saa nzuri ni katikati ya Februari saa 3 usiku, ndio iko kusini sawasawa. Kwa ambaye haijui: tafuta zile nyota 3 zilizojipanga mstari, fuata mstari hadi Sirius ambayo inawaka kuliko zote, halafu shuka kusini ngumi tatu na nusu mkono ukiwa umenyooka. Hutakosea, hakuna nyingine ya kung'aa hivyo eneo lile.

Ila kuna ubishi wa rangi hata kwa wataalamu. Zamani iliwekwa kundi F0, yaani nyeupe inayoelekea njano, siku hizi wengi wanaandika A9, mwisho wa zile nyeupe. Ipo mpakani. Hata cheo chake kilibadilika, ilikuwa inaitwa jitu kuu, siku hizi inaandikwa jitu angavu, ngazi moja chini.

Kichwa_Maji #11
Kwa hiyo imeshushwa cheo bila kuitwa kwenye kamati 😂 Mkaapwani swali lako liko wapi sasa, watu wameshaingia mambo ya Fort Jesus.

Mkaapwani #12
Vuteni subira linakuja. Mwl_Fizikia na Fundi, nipeni hizo njia mbili kwa lugha ya kawaida.

Fundi_Darubini #13
Sawa. Nyota ya uzito kama huu ikizaliwa inachoma hidrojeni kwenye kiini kwa makumi machache ya mamilioni ya miaka. Kidogo ukilinganisha na Jua lenye miaka bilioni 10 za kuishi, maana kadiri nyota inavyokuwa nzito ndivyo inavyomaliza mafuta haraka. Suheli haikuwepo kabisa wakati madinosaria wanaisha miaka milioni 66 iliyopita.

Hidrojeni ikiisha kiinini, kiini kinajikunja na kupata moto, uchomaji unahamia kwenye ganda linalokizunguka kiini, na tabaka za nje zinavimba na kupoa. Nyota inatoka buluu, inapita nyeupe, inapita njano, inafika nyekundu. Hiyo ndio NJIA YA KWANZA, Suheli inapita tu na hatujui lini ila itakuwa nyekundu.

NJIA YA PILI: nyota inafika kwenye wekundu, kule kiini kinakuwa na joto la kutosha kuanza kuchoma heli kuwa kaboni na oksijeni. Ikishatulia kwenye heli, tabaka za nje zinajikusanya tena, uso unapata joto, nyota inarudi nyuma kuelekea nyeupe. Inakaa huko, halafu heli ikipungua inarudi tena nyekundu. Kwenye mchoro wa joto na mwanga njia yake inachora kitanzi, ndio maana wanakiita kitanzi cha buluu. Kwa njia hii Suheli ilishakuwa jitu jekundu na tunaiona ikiwa kwenye kitanzi.

Ngosha_Ziwani #14
Aah sasa nimeelewa. Ila kwa macho hazitofautiani? Joto moja, upana mmoja?

Mwl_Fizikia #15
Hapo ndipo ugumu ulipo. Uso unaweza kufanana kabisa, tofauti iko kiinini ambako hatuoni.

Mimi nipo njia ya pili na sababu yangu ni muda. Kupita kutoka buluu hadi nyekundu kwa nyota hii ni jambo la haraka, kitu cha miaka laki moja hivi au pungufu. Kuchoma heli ni mamilioni ya miaka. Ukichungulia nyumba ya mtu ghafla, uwezekano mkubwa utamkuta amekaa sebuleni kuliko kumkuta anavuka mlango. Nyota inayong'aa hivi na iliyo karibu hivi, kuikuta katikati ya mlango ni bahati kubwa mno.

DaktariWaAnga #16
Mwalimu nakuheshimu ila hoja ya uwezekano haitoshi kwa nyota moja. Mlangoni watu wanapita pia. Ukiwa na nyota 1,000 za aina hii utasema nyingi ziko kwenye kitanzi, sawa, lakini hii moja unaithibitishaje? Halafu kitanzi chenyewe hakifiki kila mahali. Kuna modeli ambazo nyota ya mara 9 ya Jua ikirudi nyuma inaishia kwenye njano, haifiki 7,400. Nyingine zinafika na kupita. Inategemea umeweka metali kiasi gani (yaani elementi zote nzito kuliko heli), nyota ilizunguka kwa kasi gani ilipokuwa changa, na kiini kinachanganya kiasi gani nje ya mpaka wake. Ukibadilisha kitu kidogo kwenye modeli kitanzi kinarefuka au kinapotea kabisa. Kwa hiyo njia ya pili inasimama kwenye mguu unaotikisika.

Nairobi_Usiku #17
Niaje wakuu. Sasa si kuna njia ya kemia? Nyota ikifika nyekundu inachemka kutoka ndani hadi juu, vitu vya ndani vinaletwa usoni. Ndani huko kaboni ilikuwa inageuzwa kuwa nitrojeni wakati wa kuchoma hidrojeni. So kama Suheli ilishawahi kuwa nyekundu, uso wake utakuwa na nitrojeni mob na kaboni kidogo. Kama haijawahi, kaboni iko vile ilizaliwa nayo. Soma spektra, yaani mwanga wake ukigawanywa rangi kwa rangi, kesi imeisha.

DaktariWaAnga #18
Ingekuwa rahisi hivyo ingeisha zamani. Nyota nzito nyingi huzaliwa zinazunguka kwa kasi kubwa na mzunguko wenyewe unachanganya tabaka, nitrojeni inapanda juu hata kabla ya kufika kwenye wekundu. Ukikuta nitrojeni imezidi, unaweza kuilaumu kasi ya ujana.

Nairobi_Usiku #19
Lakini Suheli inazunguka pole pole sana saa hii, si ni kilomita chache tu kwa sekunde?

Fundi_Darubini #20
Ndiyo, chini ya 10 kwa vipimo vya mwanga wake, ila hiyo haikuambii ujana wake ulikuwaje. Kitu kikivimba mara nyingi kasi lazima ishuke. Pia kama mhimili wake umeelekea upande wetu tunapima sehemu tu ya kasi.

Mkaapwani #21
Aisee sasa naanza kuona kwa nini nilikuta maelezo mawili. Kila ushahidi una tafsiri mbili.

Baharia_Mstaafu #22
Vijana shikamooni hazipo siku hizi humu. Mimi nimesafiri na majahazi, na nataka kuongeza kitu kuhusu nyota hii kabla hamjaimaliza kwa hesabu. Wakati wa kaskazi vyombo vinashuka kutoka Arabuni na Suheli jioni iko juu. Nahodha akiwa anakuja kusini kila usiku anaiona imepanda. Maskati iko nyuzi 14, ukifika Mombasa iko 41, Unguja zaidi ya 43. Ukijua imepanda kiasi gani unajua umeshuka kiasi gani. Na kwenye dira ya nyota ya manahodha wa Kiarabu, pale inapochomoza ni pointi yake, upande wa kusini kuelekea mashariki kidogo, na pale inapozama ni pointi nyingine upande wa pili. Kijana anayejifunza usukani alitakiwa azijue kwa kichwa.

Mvita_Kongwe #23
Shikamoo mzee wangu. Na Ahmad ibn Majid aliyeandika elimu hiyo ndiye aliyemuongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda India mwaka 1498, nyota zetu ndizo zilizompeleka.

Ngosha_Ziwani #24
@Mvita_Kongwe hiyo ya Ibn Majid wanahistoria wengi hawaikubali siku hizi. Rubani alipatikana Malindi kweli, lakini kumbukumbu za Wareno wenyewe zinamtaja mtu wa Gujarati. Ibn Majid wa Julfar ni mkubwa bila hiyo habari, maandishi yake ya ubaharia yapo hadi leo.

Mvita_Kongwe #25
Wapo wanaoshikilia kuwa ni yeye, mapokeo ya Waarabu yasema hivyo toka karne ya 16. Tuliache, tutaharibu uzi wa watu.

Baharia_Mstaafu #26
Marahaba kijana wa Mvita. Msigombane.

Mwl_Fizikia #27
Mzee Baharia umegusa kitu kikubwa. Njia hiyo hiyo aliitumia Posidonius, Mgiriki, kabla ya Kristo, kupima ukubwa wa dunia. Aliona kwamba akiwa Rhodes Canopus inagusa tu upeo wa macho, lakini Alexandria inapanda kiasi cha sehemu 1 kati ya 48 za duara. Akachukua umbali kati ya miji hiyo akazidisha kwa 48. Nahodha wa jahazi na Mgiriki walikuwa wanasoma kitu kimoja, mmoja apate bandari na mwingine apate mzingo wa dunia. Wanafunzi wangu nawapa zoezi hili kwa Maskati na Mombasa, tofauti ya latitudo ni kama nyuzi 27.6 na tofauti ya urefu wa Suheli ni hiyo hiyo.

Maseru_Mtanzania #28
Mimi nasoma huku Lesotho. Huku inaitwa Naka na zamani mtu wa kwanza kuiona ikichomoza alfajiri chifu alimpa ng'ombe.

Kichwa_Maji #29
Ng'ombe kwa kuona nyota?? Fundi_Darubini wewe ungekuwa na ranchi sasa hivi.

Fundi_Darubini #30
😂 Hata vyombo vya anga vinaitumia. Mariner 4 iliyorushwa 1964 kwenda Mirihi ilikuwa na kamera ndogo ya kuitafuta Canopus ili ijue imegeukia wapi. Jua linakupa mwelekeo mmoja, unahitaji alama ya pili iliyo mbali na upande wa Jua, na Canopus inang'aa na iko mbali na njia ambayo Jua na sayari zinapita. Ilipata shida mwanzoni, ikashika nyota nyingine kwanza, na baadaye vipande vya vumbi vilivyokuwa vinaelea karibu na chombo vikawa vinaichanganya kwa kung'aa. Voyager nazo zina kamera kama hiyo.

Binti_Tanga #31
Nimejifunza mengi asanteni. Sasa mwisho wake ni nini, italipuka? Na ikilipuka sisi tutapona?

DaktariWaAnga #32
@Binti_Tanga hapo napo hakuna jibu moja na sababu ni ule uzito wa 8 hadi 10. Ndipo mpaka ulipo. Chini kidogo ya mpaka, nyota inachoma heli, inapata kiini cha kaboni na oksijeni, pengine inafika kuchoma kaboni, halafu inatupa tabaka za nje na kubaki kibete cheupe (kiini kidogo kilichobanana) chenye oksijeni na neoni, bila mlipuko. Juu kidogo ya mpaka, inaendelea hadi kiini cha chuma, kiini kinaporomoka na supanova (mlipuko wa nyota) inatokea, inabaki nyota ya nyutroni. Katikati ya hapo kuna aina ya tatu, kiini cha oksijeni na neoni kinabanwa hadi elektroni zinamezwa na viini vya atomi, kinaporomoka kabla ya chuma, supanova dhaifu kidogo. Suheli inaweza kuangukia popote kati ya hizo tatu, tofauti ya uzito kidogo inabadilisha hatima yote.

Mwl_Fizikia #33
Na kuhusu kupona, ondoa wasiwasi. Ili supanova itudhuru sana inatakiwa iwe ndani ya makumi machache ya miaka ya nuru, hii iko 310. Itakachofanya ni kung'aa karibu kama mwezi mpevu lakini kwa nukta moja, tutaona vivuli vyetu usiku na mchana itaonekana. Ila sio leo wala kesho, hata kama iko kwenye kitanzi ina safari bado.

Nairobi_Usiku #34
Wacha niongeze hii, watu wengi huwa hawaijui. Kwa miaka milioni 4 iliyopita Suheli imekuwa nyota namba 1 kwa kung'aa mara tatu, juu zile zingine zilikuwa zinakaribia Jua halafu zinaenda zao. Sirius saa hii inatushinda macho kwa vile iko miaka ya nuru 8.6 tu. Ukiweka Jua letu mahali Suheli iko huwezi liona bila darubini, halafu Suheli hapo hapo inang'aa vile unaiona. Sirius ikishaenda, halafu Vega ishike zamu, Suheli itarudi namba 1, hiyo ni miaka kama laki 4 na elfu 80 kutoka sasa.

Ngosha_Ziwani #35
Hiyo ya "ilikuwa namba 1" inategemea iliendelea kuwa na mwanga ule ule. Kama ilikuwa jitu jekundu miaka milioni 3 iliyopita hesabu zinabadilika.

Nairobi_Usiku #36
Hapo umenishika pabaya bro, hizo hesabu huchukulia mwanga haubadiliki, zinaangalia umbali peke yake. Lakini nyota kubwa ikienda nyekundu mwanga wa jumla haubadiliki sana, ni rangi na upana ndio vinabadilika. Macho yetu yangeona kidogo pungufu kwa sababu mwingi unaenda kwenye infraredi, mwanga ambao macho hayauoni.

Mjukuu_wa_Saadani #37
Naomba niingize la kwangu. Nimesoma kwamba Canopus inatoa eksirei. Nyota nyeupe haitakiwi kutoa eksirei kwa sababu haina tabaka nene linalochemka kama Jua, na bila kuchemka huna usumaku, bila usumaku huna korona, ile gesi ya nje ya nyota yenye mamilioni ya digrii. Je, hii si dalili kwamba kuna nyota ndogo pembeni yake tusiyoiona, na hiyo ndogo ndio inatoa eksirei? Na kama kuna pacha, mjadala wote wa njia ya kwanza na ya pili unavurugika, maana huenda kulikuwa na tatu, mbili zikaungana.

DaktariWaAnga #38
Hoja nzuri. Nyota nzito nyingi kweli zinazaliwa na wenza. Na mbili zikiungana unapata nyota yenye kiini na ganda visivyolingana na modeli za nyota moja, inaweza kukaa nyeupe kwa muda mrefu bila hata kupita kwenye kitanzi. Ila kwa Canopus hakuna mwenza aliyethibitishwa.

Fundi_Darubini #39
@Mjukuu_wa_Saadani 7,400 ni mpakani kwa habari ya kuchemka pia. Tabaka jembamba linalochemka linawezekana, na usumaku hafifu umeshapimwa usoni mwake. Mimi naona korona ni yake mwenyewe. Na ukiangalia vizuri hii inanisukuma kwenye njia ya pili, maana nyota iliyotoka kwenye wekundu ilishachemka sana na usumaku unaweza kubaki.

DaktariWaAnga #40
Au ni usumaku iliozaliwa nao. Asilimia ndogo ya nyota za buluu zinazaliwa na usumaku na zinabaki nao zikivimba.

Mkaapwani #41
Kuna kipimo chochote ambacho kingeweza kukata mzizi? Yaani sio tafsiri, kipimo chenyewe.

Mwl_Fizikia #42
Kama ingekuwa inapwita ingekuwa rahisi. Nyota zikipita kwenye ukanda fulani wa joto, jirani tu na ilipo Suheli upande wa baridi zaidi, zinaanza kuvimba na kunywea kwa mpangilio. Muda wa mpwito unarefuka nyota ikivimba na unafupika ikinywea. Ukipima miaka mingi unajua inaelekea wapi bila kuuliza kiini. Mfano ni Polaris, ile nyota ya kaskazini, mpwito wake ni karibu siku 4 na kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita umekuwa ukirefuka kwa sekunde chache kila mwaka. Suheli haina mpwito wa mpangilio. Imekaa nje ya ukanda.

DaktariWaAnga #43
Na hata Polaris mwalimu bado wanabishana kama inapita mara ya kwanza au ya tatu, pamoja na hizo sekunde zote. Kurefuka kunakuambia inavimba, hakukuambii ni safari ya ngapi.

Mwl_Fizikia #44
Kweli, lakini inafuta nusu ya majibu. Suheli haifuti hata moja.

Kichwa_Maji #45
Hiyo Polaris tunaionea wapi huku kwetu tuifananishe?

Fundi_Darubini #46
Dar huioni, iko chini ya upeo. Ukiwa Tanzania sahau kabisa.

Moyale_Mpakani #47
Huku Moyale tuko nyuzi 3 na nusu kaskazini, kwa hesabu inatakiwa iwe juu kidogo tu ya upeo ila vumbi na ukungu wa chini vinaimeza. Suheli nayo tunaiona vizuri upande wa pili, nyuzi 33 hivi. Mwenye uzoefu wa kuipata Polaris akiwa huku anipe mwezi mzuri, mimi nimeanza kupanda kilima cha nyuma ya soko mvua ikishasafisha hewa.